Maziwa ya Vumbi

Maziwa ya kwanza yalikuwa ya ardhi. Ndivyo walivyofundishana wanawake wa karakana ya magodoro, na aliyewafundisha wote alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyepima magunia ya sufi tangu karakana ikiwa na ukuta mmoja tu, wakamwita Mama Mizani. Saa kumi na moja jioni kengele ikigonga, mwenye kunyonyesha haendi getini moja kwa moja. Anazunguka nyuma ya stoo, anachuchumaa, anakamua ziwa la kulia akihesabu kila mkamuo mpaka mkono uchoke, kisha la kushoto. Hayo ndiyo maziwa ya vumbi, yaliyokaa kifuani siku nzima pamoja na sufi. Yakishamwagika ndipo yanakuja ya mtoto.

"Umefika ngapi?" aliuliza Mama Mizani. Alikuwa amempa mgongo aliyechuchumaa, mikono kiunoni, akilinda kona wapakiaji wasipite.

"Sitini kulia. Kushoto ndiyo naanza."

"Fikisha mia. Na usikamue kama unamkamua mbuzi wa jirani. Kamua kwa roho."

Aliyechuchumaa alicheka bila sauti. Karakanani jina lake lilikuwa Sindano, kwa sababu hakuna aliyemshinda kushona pembe za godoro, na pia kwa sababu alikuwa mwembamba hivyo hivyo. Aliyatazama maziwa yakidondoka. Tone likigusa vumbi lilijiviringa, likawa kidonge cha kijivu, halafu likazama. Siku hizi ilimchukua muda kufikisha mia. Miezi miwili nyuma yalikuwa yakiruka mpaka ukutani.

"Mama, yanapungua."

"Yanapungua kwa sababu unawaza. Maziwa hayataki mawazo."

"Nisiwaze vipi? Tangu Jumatatu mtoto anakohoa. Leo asubuhi nimeweka sikio kifuani kwake."

Mama Mizani aligeuka. "Kinapiga filimbi?"

"Kinapiga. Vilevile kama cha dada yake."

Mama mtu mzima alirudisha macho kwenye kona. Alikuwa amewafundisha jambo hili wanawake wengi, na wengi watoto wao walikuwa wazima, na ambao hawakuwa wazima alijua sababu: mama zao walikuwa wavivu wa kukamua.

"Basi kuanzia kesho," alisema, "fikisha mia na hamsini."

*

Walipanga vyumba viwili mwisho wa ua. Chumba cha nje walilala bibi na mjukuu wa kike, na humo humo ndimo lilimokaa jiko mvua ikinyesha. Cha ndani kilikuwa cha Sindano na mumewe, fundi viatu, pamoja na mtoto mchanga wa miezi minne ambaye baba yake alimwita Bwana Mkubwa, maana, alisema, katika ukoo wao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuhudumiwa akiwa amelala chali.

Msichana alikuwa na miaka sita. Watoto wa ua walimwita Filimbi kwa sababu ya kifua chake. Mwanzo alilia. Baadaye aliitika, kwa kuwa waliomwita hivyo angalau walimwita.

Sindano alipoingia, mama mkwe wake alikuwa ameketi kando ya godoro dogo la mistari ya buluu, mkono juu ya mtoto aliyelala. Godoro hilo lilikuwa fahari ya nyumba. Karakana ilimpa kila mfanyakazi aliyejifungua, na hili Sindano alilishona mwenyewe wiki yake ya mwisho ya ujauzito, pembe nne kama za kitabu. Lilijazwa sufi ya sakafuni, ile iliyofagiliwa chini ya mashine, kwani, kama msimamizi alivyosema, zawadi haiwekwi kwenye mizani.

"Umechelewa."

"Nilikuwa nyuma ya stoo, mama."

"Ulifikisha?"

"Mia na kumi."

"Haya, osha."

Akaosha. Mlango ulikuwa wazi na jirani mjamzito alikuwa akianua nguo uani, lakini mama mkwe hakuufunga, na Sindano hakuthubutu kuomba. Alisimama juu ya beseni, ziwa moja nje, akisugua kwa sabuni ya kufulia huku bibi akimwelekeza kama anayeoshesha sufuria: hapo chini, hapo, sugua tena. Ngozi ilishapasuka siku nyingi. Alikunja uso, akasugua.

Mtoto alishika ziwa kwa pupa, akavuta, akaachia, akalia. Akashika tena. Alipolia sauti yake ilikatikakatika, na ndani ya kilio mlikuwa na mlio mwingine mwembamba, kama wa mlango uliokosa mafuta.

"Anavuta upepo," alisema mama mkwe.

"Yatakuja, mama. Tungoje kidogo."

"Nimengoja miezi minne." Bibi aliinuka akachukua kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, jipya, bado limefungwa, akaliweka sakafuni kati yao. "Mkwe wangu, nisikilize, wala sisemi kwa ugomvi. Wa kwanza ulimnyonyesha wiki sita ukarudi kwenye sufi zako. Akapata pumu. Watu wakasema, hakunyonya vya kutosha. Nikanyamaza. Sasa huyu amenyonya, tena mbele ya macho yangu. Kifua kinapiga. Kwa hiyo tatizo siyo kutosha. Tatizo ni maziwa yenyewe. Hilo ziwa lako ni la karakana."

"Mama, kule kliniki walisema ninyonyeshe..."

"Kliniki hawalali na mtoto huyu. Jumapili anaanza kopo. Nawe ziwa tutalifunga kwa kitambaa mpaka likauke, wiki moja tu, halafu utapumzika na hiyo kazi yako ya kumwaga."

Sindano alimtazama mumewe. Fundi viatu alikuwa ameketi kizingitini akibandua gundi iliyokauka vidoleni, ukucha kwa ukucha, kwa makini sana.

"Baba watoto. Sema kitu."

"Mama ametulea sisi sita," alisema.

"Na mimi?"

"Wewe unalea wawili." Alisema kwa upole, bila nia mbaya, na kwa sababu hiyo neno lilichoma zaidi.

Kutoka chumba cha nje Filimbi aliita, "Mama, pampu haitoi tena."

Alikuja nayo mkononi, kile kichupa cha dawa ya kuvuta chenye mdomo wa plastiki, akikitikisa. Walipewa mwanzoni mwa mwezi. Ingetakiwa imfikishe mbali.

"Imekwishaje tena?" aliuliza baba.

"Mama yake anaipuliza hewani kuijaribu," alisema bibi. "Nimemwona mimi."

Sindano hakuwahi kuipuliza hewani hata mara moja. Alifungua mdomo, akaona ubishi mzima ulivyokuwa ukimsubiri mbele yake, mrefu kama foleni, akaufunga. Filimbi alimtazama bibi yake. Msichana naye alifungua mdomo, akaufunga.

*

Jumapili haikungojewa. Alhamisi asubuhi mtoto hakutaka ziwa wala kingine. Pua zilikuwa zikipanuka na ngozi ya katikati ya mbavu ikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na hakuwa na nguvu ya kulia. Sindano alimfunga kifuani. Mama mkwe alivaa viatu bila kuambiwa. Filimbi walimchukua pia, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwachia, na pampu yake ilikuwa tupu.

Karakana ilikuwa njiani. Msimamizi alikuwa getini na daftari lake la mahudhurio.

"Naomba ruhusa, mkuu. Mtoto."

"Huyu mtoto ana kadi ya kazi hapa?"

"Hapumui vizuri, mkuu."

"Magodoro ya bweni yanatoka leo. Pembe nimpe nani ashone? Mimi?" Wapakiaji wawili walicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Alichungulia ndani ya kitenge, akaona mbavu zile, na uso wake ukabadilika kidogo. "Nenda. Lakini kesho uje na karatasi ya nesi. Siyo maneno. Karatasi."

Kituo cha afya kilikuwa na benchi mbili na watu wa benchi sita. Mlinzi aliyegawa namba alimtazama mtoto mara moja tu, akachukua namba kutoka mkononi mwa mzee mmoja, akampa Sindano. Mzee hakulalamika.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa kandambili chini ya sare, maana miguu ilikuwa imemvimba. Hakuuliza chochote kwanza. Alisikiliza kifua, akamvisha mtoto barakoa ndogo, akawasha mashine iliyotoa mvuke mweupe, akaondoka kuhudumia wengine, akarudi, akasikiliza, akaondoka tena. Baada ya mara ya tatu zile mbavu ziliacha kuzama. Mtoto alikunja uso na kulia kwa sauti nene ya mtu aliyedhulumiwa, na Sindano akagundua kuwa alikuwa amesimama muda wote, benchi la chumba cha nesi nyuma yake likiwa na nafasi.

"Sasa keti," alisema nesi. "Ananyonya?"

"Ananyonya sumu," alijibu mama mkwe.

"Nimemuuliza mwenye ziwa, bibi."

Sindano alieleza. Alieleza vibaya, akianza katikati, akirudi mwanzo: sufi, stoo, Mama Mizani, mia moja, mia na hamsini. Asubuhi huacha kikombe cha maziwa chenye kifuniko, kikiisha bibi humpa maji ya uji. Jioni hunyonya, lakini siku hizi hayatoshi. Alipofika kwenye sabuni sauti ilimpungua.

Nesi hakucheka. Alichukua glasi ya dawa mezani. "Unamwaga mpaka wapi? Nionyeshe."

Sindano aliweka kidole kwenye glasi. Halafu akakipandisha kidogo, maana aliamua kutosema uongo.

Nesi alikitazama kidole hicho. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa na alidhani ameshasikia yote. "Hicho ulichoonyesha," alisema, "ndicho chakula chake cha jioni."

"Lakini yana vumbi, nesi."

"Sikiliza, mama. Vumbi linaingia kwenye mapafu. Maziwa yanatengenezwa huku mbele. Hawa ni majirani, lakini hawana mlango wa katikati. Hakuna sufi iliyowahi kupita humo. Yale ya mwanzo ni mepesi, yanamkata kiu. Ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Yote ni yake. Na kadiri unavyomwaga badala ya yeye kunyonya, na kadiri unavyojiumiza na hiyo sabuni ukaogopa hata kumweka, ndivyo yanavyokauka."

"Basi kama maziwa ni mazuri hivyo," alisema mama mkwe, "mbona kifua kinapiga? Tuliambiwa akinyonya hatapata pumu."

"Nani alikwambia hatapata?" Nesi alivuta kiti akaketi, akaachia kandambili zikaanguka. "Bibi, watoto wanaonyonya vizuri, hasa miezi ile sita ya mwanzo bila uji wala kingine, vifua huwasumbua kidogo kuliko wenzao. Nimesema huwasumbua kidogo. Sikusema havitawasumbua. Wapo walionyonya miaka miwili wakapata, na wapo wa kopo waliokosa. Mwanao anafanya kazi gani?"

"Fundi viatu."

"Haya. Mtu akivaa kiatu bado anaweza kuchomwa na mwiba. Sasa kuna mtu anayevua kiatu kwa sababu njia ina miiba?"

Mama mkwe alitazama viatu vyake. Alikuwa mama wa fundi viatu na hakupata pa kupitia.

"Na huyu bado mdogo mno, siwezi kusema ni pumu. Huenda ni mafua yaliyoshuka. Tutamwangalia." Nesi alikuwa akimgeuza mtoto, akikagua masikio, kwapa, mikunjo ya shingo. Hapo shingoni akasimama. Kwa ukucha wake alivuta uzi mweupe, mwepesi kiasi kwamba pumzi yake tu iliupeperusha. Akavuta mwingine. "Hii nini?"

"Sufi," alisema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na furaha. "Ya kwenye godoro lake. Zawadi ya kazini kwa mama yake. Kwetu hata mimi sijalalia la namna hiyo."

"Sufi nzuri au ya chini?"

Sindano ndiye aliyejibu. "Ya kufagia."

 Sindano aliliona tena akilini godoro lile, tangu mwanzo: fagio chini ya mashine, mbegu, mchanga, vumbi la mwaka mzima, mkono wake mwenyewe ukishindilia kwa kijiti ili lisilegee. Kila jioni alimwaga maziwa yasiyo na vumbi, kisha akamlaza mtoto juu ya vumbi.

"Wewe umekuwa ukilitafuta vumbi ndani ya ziwa," alisema nesi taratibu, "nalo liko chini ya pua yake. Liko na kwenye gauni hilo ulilovaa. Ukitoka kazini vua, oga, ndipo umshike. Kama mnapikia ndani, jiko litoke. Na hilo godoro liondoke leo." Akafungua kadi. "Katika ukoo kuna mwenye pumu? Ukiacha huyu msichana."

"Hakuna," alisema mama mkwe. "Kwetu vifua ni vya chuma."

Filimbi alikuwa ameketi mwisho wa benchi akipunga miguu. "Bibi anavuta pampu yangu," alisema.

Nesi aliinua macho kutoka kwenye kadi.

"Anaenda nayo chooni. Nikisema ananinyima peremende." Alifikiri kidogo, akaongeza kwa haki, "Lakini peremende ananipa."

Nesi aliiweka kalamu chini. Mama mkwe alikuwa akitazama sakafu, na mikono yake, ile iliyolea sita, ilikuwa ikikunjakunja pindo la kitenge.

"Mtoto mdogo hasemi hivyo mbele za watu," alisema, lakini hakuna aliyemsikia kama karipio. Kisha kwa sauti ya chini: "Msichana mwenye pumu haolewi. Ndivyo mama yangu alivyoniambia. Nikaificha. Baba yao amekufa hajui. Nikisikia inakuja nilikuwa natoka nje, nasema nafuata maji. Nimefuata maji miaka arobaini."

Sindano alikuwa na la kusema. Alikuwa na maneno ya miaka sita, yote yamekaa tayari. Ziwa la karakana. Kifua kibovu cha upande wa mama. Mama yake anaipuliza hewani. Aliyaona yamejipanga, akajiona amechoka kiasi kwamba hata kuyanyanyua moja moja kulikuwa kazi. Alichosema ni hiki:

"Pampu iliisha jana, mama. Wewe umevuta lini?"

"Juzi."

"Na tumetembea njia yote ile?"

Mama mkwe aliitika kwa kichwa. Sasa tu, kwa kuwa alikuwa ameacha kujizuia, ndipo wote wakausikia mlio wake, ule ule, mzito zaidi, wa mlango mkubwa.

"Njoo hapa, bibi," alisema nesi, akitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu. "Na wewe tukuandikie kadi yako."

*

Fundi viatu alilipasua godoro kwa kisu chake cha ngozi, jioni ile ile, mbali na nyumba, kule shimo la taka. Alifunga kitambaa puani. Alikata pembe ya kwanza akasimama.

"Mshono mzuri huu," alisema.

"Wangu," alisema Sindano, aliyesimama kwa mbali amembeba mtoto.

Jirani mjamzito alikuwa amewafuata. "Jamani, mnaharibu godoro zima? Si mngenipa mimi? Nimebakiza mwezi mmoja."

"Halifai, dada. Lina vumbi baya."

"Vumbi! Sisi maskini ndio wa kuogopa vumbi leo?" Aliondoka akisonya, na kesho yake ua mzima ulijua kuwa mke wa fundi viatu alikuwa na roho ya korosho, heri aharibu kuliko kutoa.

Njiani kurudi fundi viatu alitembea nyuma ya mkewe. Walipokaribia mlango alisema, "Lile kopo nitalirudisha dukani. Halijafunguliwa." Sindano hakumngoja aseme zaidi.

*

Msimamizi aliisoma karatasi ya nesi mara mbili. Ilisema mtoto alikuwa mgonjwa kweli, na chini yake ilisema mama apewe nafasi ya kunyonyesha mchana.

"Karakana siyo zizi," alisema, akaiweka chini ya bilauri yake ya chai. Baada ya muda akaongeza bila kuinua macho, "Nje ya geti siyo kwangu. Mapumziko ni dakika ishirini. Ya ishirini na moja nakukata."

Mama Mizani alikuwa akipima gunia. Sindano alimweleza huku akimsaidia kulishusha, kwa maneno machache, majirani wasio na mlango wa katikati. Alitarajia atabishiwa. Mama Mizani alikuwa na ulimi ulioweza kumwosha msimamizi na baba yake.

Hakubisha. Alisimama akitazama mkono wa mizani ukicheza, ukipunguza kucheza, mpaka ukatulia. Kisha akaketi juu ya gunia.

"Na wangu wanne," alisema. "Maziwa yao nilimwaga mwenyewe." Alianza kuhesabu vidole: yule wa mashine ya kwanza, yule aliyehama, yule mwembamba wa pacha, yule ambaye mtoto wake... Vidole vikaisha akaanza tena mkono wa kwanza. "Nimewamwagisha wangapi mimi?"

"Hukujua, mama."

"Nilikuwa nawalindia kona," alisema Mama Mizani. "Nasimama pale, nawaambia kamua kwa roho."

Kengele ya saa sita iligonga. Sindano alivua gauni la kazi akalitundika kwenye msumari, akavaa blauzi na sketi alizokuja nazo ndani ya mfuko. Aliosha mikono, shingo na nywele kwenye bomba la uani, wapakiaji wakimtazama. Maziwa yalikuwa yameshaanza kuvuja, madoa mawili meusi mbele ya blauzi.

"Sindano, umemwagikiwa nini?" mmoja alipaza sauti.

"Chakula cha mtu," alisema, akapita.

Nje ya geti, kwenye jiwe ambalo madereva wa malori hukalia wakisubiri mzigo, mama mkwe wake alikuwa ameketi na Bwana Mkubwa mapajani. Alikuwa amekuja kwa miguu, na njia ilikuwa na mwinuko. Mdomo ulikuwa wazi, mabega yakipanda na kushuka. Alifungua pindo la kitenge, akatoa pampu mpya, yake mwenyewe, akaitikisa. Walikuwapo mlinzi, madereva wawili na muuza karanga. Bibi aliwatazama wote, kisha akaiweka mdomoni akavuta, mbele yao, akashikilia pumzi kama alivyoonyeshwa, mashavu yamejaa. Muuza karanga alikodoa macho.

"Unatazama nini?" alisema alipoachia. "Hujaona mwanamke anayevuta pumzi?"

Akamkabidhi Sindano mtoto. "Umeosha mikono?"

"Nimeosha, mama."

"Basi. Kwingine kuko sawa."

Mtoto alishika ziwa, akavuta, akakabwa, akakohoa, maziwa yakamwagika shavuni, akashika tena. Kifua chake kilikuwa bado kinalia, mbali, kama mtu anayepiga mluzi mtaa wa pili. Nesi alisema huenda kikaisha na huenda kisiishe. Warudi baada ya wiki mbili. Sindano aliegemea ukuta. Mgongo ulimuuma pale pale unapouma kila siku, na ndani pembe za mchana zilikuwa zikimngoja.

Kivuli kikamwangukia. Mama Mizani alikuwa ametoka nje, akasimama mbele yake, akampa mgongo, mikono kiunoni, akiwazibia madereva wasione. Walikaa hivyo, wanawake watatu na mtoto. Muda ukapita. Kisha mama mtu mzima, kwa mazoea ya miaka yote ile, akauliza bila kugeuka:

"Umefika ngapi?"

"Sihesabu, mama," alisema Sindano.